Mkono wa Kushoto wa Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu amenipa daftari hili. Anasema naongea peke yangu jikoni, naosha vyombo huku nagombana na watu wasiokuwepo, na wateja wake wa saluni wameanza kumuuliza kama dada yake ni mzima. Haya, naandika, nisije nikamfukuzia wateja.

Kazi yangu ni kupiga picha maiti na kuandika alama zao: makovu, mabaka, meno, tatuu. Mochwarini wananiita Bi Picha. Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na imeanza kwa fujo.

Jumatano, 5 Machi

Paa linavuja, na kati ya sehemu zote za chumba, tone limechagua katikati ya meza ya uchunguzi. Mhudumu wetu tunamwita Mzee Ndoo, kwa sababu msimu uliopita alitembea na ndoo mbili kila alikokwenda. Leo ameshinda akibishana na lile tone kana kwamba linasikia. Mwishowe wameisogeza meza na kuizungusha: miguu ya maiti imekwenda ukutani, kichwa kimekuja dirishani.

Ukutani hakuna pa kusimama, kwa hiyo sasa nasimama upande wa kichwa. Miaka tisa nimesimama miguuni. Hata kalamu sijui niiweke wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Mto umetuletea wawili. Namba 16 ametambuliwa na mkewe kabla ya saa sita. Namba 17 hana mtu.

Ni mwanamume, kati ya miaka ishirini na thelathini, amekaa majini siku nyingi. Uso hausaidii. Alama za vidole hakuna. Ngozi ya juu ya mkono ilikuwa inabanduka, na chini yake kulikuwa na weusi weusi kama tope. Daktari akaniambia, "Usiogope, futa." Nikafuta taratibu kwa kitambaa chenye maji. Ala! Tatuu ikatokea nyeusi, safi, kama iliyochorwa juzi. Daktari anasema wino hukaa kwenye ngozi ya ndani, kwa hiyo ya juu ikiondoka ndiyo unauona vizuri zaidi.

Ni gurudumu la meno. Nimehesabu: kumi na sita, moja limevunjika. Mtu mzima na akili zake anakwenda kuchorwa gurudumu! Watu wana muda.

Nimepiga picha moja ya karibu, na rula pembeni, kisha kamera ikazima na umeme ukakatika kwa pamoja. Utaratibu ni picha mbili: ya mbali inayoonyesha kiungo kizima, na ya karibu. Ya mbali nitaipiga kesho. Fomu nimeijaza kwa mwanga wa dirishani: *Mkono wa kulia, chini ya kiwiko, upande wa ndani.*

Ijumaa, 7 Machi

Maiti nne kwa siku moja. Betri ya kamera haijapatikana. Miguu inaniwaka moto.

Jumanne, 11 Machi

Leo amekuja mama mmoja, kilemba cha kijani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Anamtafuta mwanawe, hajaonekana tangu mwisho wa mwezi uliopita. Nikamkalisha kwenye benchi la barazani, nikamuuliza maswali ya fomu: urefu, nguo, alama.

"Ana tatuu," akasema, na akatazama pembeni kama aliyetaja tusi. "Mkono wa kushoto."

"Tatuu ya nini, mama?"

"Sikuiona vizuri, mwanangu. Nilimfuma ananawa, akaifunika haraka na mkono mwingine. Tangu siku hiyo ni mikono mirefu tu, hata jua kali. Niliona kama ua. Ua lenye petali nyingi."

"Una hakika ni kushoto?"

"Aliifunika kwa mkono anaolia chakula. Nina hakika."

Nikaingia ndani nikatazama fomu za wasiojulikana. Mwenye tatuu ni mmoja tu, Namba 17: mkono wa kulia, gurudumu. Kwa hali aliyonayo, daktari haruhusu ndugu kumwona mpaka maelezo yalingane, na vipimo vya vinasaba havichukuliwi mpaka awepo ndugu ambaye maelezo yake yamelingana. Nikatoka nikamwambia, "Huyu wetu ana gurudumu, na ni mkono wa kulia. Si wako, mama."

Alinishukuru mara tatu. Akaondoka mwepesi, viatu bado mkononi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimejifunza kitu. Alikuwepo mwanamke aliyefutisha tatuu yake, begani limebaki kovu jeupe tu, huwezi kujua kulikuwa na nini. Daktari akapasua kwapani upande uleule, akatoa tezi moja ndogo, akaikata katikati. Ndani ilikuwa ya buluu!

"Mwili unajaribu kuuzoa wino," akasema, "unaufikisha kwapani, halafu unashindwa pa kuupeleka. Mchoro wa bega hili huishia kwapa hili. Ngozi unaweza kuifuta, hii huwezi."

Mzee Ndoo akauliza kama na madeni ya mtu huishia kwapani. Daktari mwenyewe alicheka.

Jumanne, 18 Machi

Mama wa kilemba amerudi. "Hakuna mwingine?" Nikasema hakuna. "Yule wa gurudumu bado yupo?" Yupo, lakini ni kulia, mama. Asante, mwanangu. Akaenda zake.

Mvua siku nne mfululizo. Nguo hazikauki, na mimi sikai mahali pamoja. Nimepanga upya kabati la mafaili, halafu nikalirudisha lilivyokuwa.

Alhamisi, 20 Machi

Tumegombana nyumbani. Mdogo wangu alikuwa anamsuka mteja, akanyoosha mkono kuchukua kitana, mkono wa blauzi ukapanda. Nikaona. Kitana chenyewe, kimechorwa juu ya kifundo cha mkono!

"Hiki nini?"

"Kitana."

"Naona ni kitana! Nakuuliza kimefuata nini hapo?"

"Dada, kazi yangu ndiyo inayonilisha. Nimejichora kazi yangu. Ungetaka nichore nini, simba?"

Mteja akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nikamwambia mdogo wangu kwamba watu wenye michoro mimi nawaona kila siku, na hawaji kwangu kwa miguu yao. Akaniangalia kwenye kioo, akasema, "Na wasio na michoro je? Wao wanakuja kwa baiskeli?"

Nimekasirika mpaka sasa, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kile kitana kimechorwa vizuri.

Jumanne, 25 Machi

Mara ya tatu. Safari hii hakukaa hata kwenye benchi, alichungulia tu mlangoni. "Bado, mwanangu?" "Bado, mama." Na tena uso ule, kama mwanafunzi aliyesikia kwamba mtihani umeahirishwa. Nakiri kwamba napenda kumwambia si wake. Katika jengo hili habari njema ni chache, na hiyo naitoa mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Tone la pili limeanza, juu ya meza yangu ya kuandikia. Mzee Ndoo anaomba aongezewe cheo na ndoo.

Jumanne, 1 Aprili

Mara ya nne. Amenieleza kidogo habari za mwanawe: hakosi nyumbani zaidi ya siku tatu, hulala kifudifudi, hapendi kuulizwa alikuwa wapi. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini simu ililia ndani. Nilipotoka alikuwa keshafika getini. Nikampungia, akanipungia.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku thelathini zimepita. Gari la halmashauri limewachukua watatu, Namba 17 akiwamo. Makaburi ya wasiojulikana yana vibao vya chuma vyenye namba. Walizikwa mvua ikinyesha, na dereva alilalamika kuhusu matope kuliko kitu kingine chochote.

Jumanne, 8 Aprili

Hakuja. Barabara ya kwao imekatika, nimesikia redioni. Nimeangalia mlango siku nzima kama mjinga.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naanza na asubuhi.

Daktari aliniletea ripoti zake za mwezi uliopita nizinakili kwa usafi, maana mwandiko wake ni aibu ya taifa. Nikafika kwenye ya Namba 17. Sehemu ya nje ameandika, *Tatuu: tazama fomu ya picha.* Ndivyo anavyoandika siku zote, harudii kazi yangu. Sehemu ya ndani, mstari wa kumi na moja: *Tezi za kwapa la kushoto zimejaa wino mweusi. Kwapa la kulia: safi.*

Nikausoma. Nikaunakili. Nikaanza mstari wa kumi na mbili, kalamu ikasimama.

Kwapa la kushoto.

Niliinuka nikaenda kwenye meza ya uchunguzi. Haikuwa na mtu. Nikasimama pale pale niliposimama tarehe sita, upande wa kichwa, mgongo dirishani. Miaka tisa nimesimama miguuni, natazamana na maiti, na mkono wake wa kushoto uko kulia kwangu. Miaka tisa nageuza bila kufikiri: nikiuona kulia, naandika kushoto. Lakini ukisimama kichwani, mnaelekea upande mmoja. Kushoto kwake ni kushoto kwako. Hakuna cha kugeuza. Na mimi nikageuza.

Nilimwita Mzee Ndoo, nikamwambia apande mezani alale chali. Akalala na ndoo yake kifuani. Nikamwambia inua mkono wa kushoto. Akainua. Ulikuwa kushoto kwangu. Nikakaa sakafuni kwenye maji ya tone.

"Bi Picha," akasema bado amelala, "umemkosea nani?"

"Kumi na saba."

Akaiweka ndoo pembeni. Halafu akasema, "Keshazikwa. Nani atajua? Nyamaza tu, dada yangu. Ukisema, wa kwanza kuondoka ni wewe, wa pili ni mimi niliyegeuza meza."

Hakusema kwa ubaya. Ana watoto watano. Lakini mimi nilikuwa nakiona kilemba cha kijani kikitoka getini, chepesi, mara nne. Na ile picha ya mbali, ambayo ingeonyesha bega, kiwiko na gumba kwa pamoja, sikuipiga. Nilisema kesho. Hiyo kesho niliandika habari za miguu yangu. Nimerudi kurasa za nyuma nikaziona, ni aibu tupu.

Nilikwenda kwa daktari. Alisoma fomu, akasoma ripoti yake, akavua miwani.

"Mkono niliuona mimi mwenyewe," akasema. "Nilimpasua mimi. Nikaandika 'tazama fomu'."

Nilidhani atanifokea. Afadhali angenifokea.

"Lakini mama yule anasema ua," akaendelea. "Kushoto peke yake haitoshi. Wenye tatuu mkono wa kushoto ni wengi. Usiende kumvunja mtu moyo kwa kubahatisha. Tafuta jambo la pili."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia mdogo wangu kila kitu, nikilia kama mtoto. Hakunisimanga, na angeweza. Akasema, "Kesho twende kwa aliyenichora mimi. Hapa mjini wanaochora kazi safi ni wawili, na yule wa pili hawezi kuhesabu mpaka kumi na sita."

Jumamosi, 12 Aprili

Mchoraji ana chumba kimoja nyuma ya duka la simu, kisafi kuliko mochwari yetu. Nilimwonyesha picha ya karibu. Hakuishika hata.

"Hii ni yangu."

"Umejuaje upesi hivyo?"

"Mama, mwandiko wako unaujua au huujui? Mimi duara naanzia chini, linaacha kinundu pale linapofungwa. Kione hicho. Halafu hili jino. Nilimwambia nikuchoree zima, akakataa. Aliniletea giya yenyewe mfukoni, imejaa grisi, ikanichafulia meza. Giya ya baiskeli ya kwanza aliyoitengeneza mwenyewe. Lilikuwa limevunjika jino moja, akasema uliache hivyohivyo."

"Mkono upi?"

Alikaa kwenye kile kiti chake cha wateja, akalaza mkono juu ya meza kama wanavyokaa wao. Ulikuwa wa kushoto. "Nilihamisha taa," akasema. "Taa yangu imekaa kwa ajili ya mikono ya kulia."

Akauliza kama jamaa amepatwa na jambo. Mdogo wangu ndiye aliyejibu.

Fundi baiskeli. Nimelirudia hilo njia nzima. Fomu yetu ina mahali pa urefu, nguo na alama. Haina mahali pa kuuliza mtu alikuwa anafanya kazi gani, na mimi mara zote nne sikuuliza.

Jumapili, 13 Aprili

Anwani niliitoa kwenye kitabu cha wageni. Daktari alitaka tumsubiri Jumanne, nikakataa. Nimekwenda na mdogo wangu, tukavuka kipande cha barabara kilichokatika kwa kushikana mikono.

Kabla sijabisha hodi nilishajua. Uani kulikuwa na fremu tatu za baiskeli zimeegemea ukuta, na ndoo ya mafuta ya taa yenye cheni ndani. Mama alikuwa anafunika fremu kwa turubai zisilowe. Aliponiona alitabasamu. Halafu akaona kwamba mimi ndiye niliyemfuata, na tabasamu likaondoka.

"Karibu, mwanangu. Amepatikana mwingine?"

Nikasema, "Mama, ni yule yule. Nilikosea mkono."

Sikusema vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakanipotea, nikaropoka yote: meza, tone, kichwani, miguuni, kwapa. Nikamwambia ni mimi, si daktari, si mvua. Nikamwambia keshazikwa, na kaburi lina namba. Nikampa ile picha. Aliitazama muda mrefu, akaenda akachukua kitu kwenye kopo la misumari dirishani, akakiweka juu ya picha. Ilikuwa giya, imevunjika jino.

"Nilisema ua," akasema.

Hakulia. Alirudi kufunika fremu, na mdogo wangu akaenda kumshikia ncha ya pili ya turubai. Mimi nilisimama katikati ya ua, sijui mikono niipeleke wapi.

Jumatano, 16 Aprili

Barua ya maelezo nimeiandika mwenyewe na kuisaini. Daktari ameandika ya kwake na kuiweka juu ya yangu. Mzee Ndoo hakusalimia asubuhi. Mchana aliniletea chai, akasema na yeye ameandika barua yake, kwa kuwa meza haikujigeuza.

Nimeonywa kwa maandishi. Bado nina kazi.

Alhamisi, 24 Aprili

Kibali cha mahakama kimetoka, na vipimo vya vinasaba vimeahidiwa haraka. Leo wamemfukua. Mama aliomba kumwona, daktari akakataa, mama akasema, "Basi mkono tu." Daktari akanitazama mimi.

Nilimfunika kote kwa shuka mbili, nikaacha mkono wa kushoto peke yake, kuanzia kiwiko mpaka kiganja, na kiganja nikakifunga kitambaa cheupe. Nikaufuta tena taratibu, kama mara ya kwanza. Gurudumu lilikuwepo. Ardhi haikulifanya kitu.

Mama aliingia, viatu miguuni safari hii. Alipeleka kidole juu ya jino la kwanza bila kuligusa, akazunguka, jino kwa jino, mpaka palipovunjika. Pale kidole kikasimama.

"Ungenionyesha tu," alikuwa anamwambia yeye, si mimi. "Ningekugombeza siku moja, yakaisha."

Tulipotoka barazani, alikaa kwenye lile benchi. Nilianza kumwomba radhi, kwa mara ya ngapi sijui, akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilikuja hapa mara nne," akasema. "Mara nne ukaniambia si wangu. Nikitoka hapo getini nilikuwa nafurahi, wewe. Nafika nyumbani nampikia. Nilifurahi mara nne, na yeye yumo humu ndani. Sasa furaha hizo nitazipeleka wapi?"

Nimekaa naye mpaka ndugu zake walipokuja kumchukua, na kwa mara ya kwanza msimu huu sikuinuka hata mara moja.

Jumatatu, 28 Aprili

Paa limezibwa. Meza imerudi ilivyokuwa. Nimefunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa kila maiti kabla sijagusa kalamu. Mzee Ndoo anauita bangili.

Jumanne, 29 Aprili

Vipimo vimerudi asubuhi, vimelingana. Saa tano mama akatokea mlangoni, kilemba cha kijani. Nilidhani amefuata karatasi za mazishi.

"Hizo anazo shemeji," akasema. "Mimi nimekuja uiandike mbele yangu."

Nilitoa fomu ya Namba 17, nikaiweka kwenye benchi kati yetu. Nikakata *kulia*, nikaandika *kushoto*, nikasaini pembeni. Nikakata *gurudumu la meno*, nikaandika *giya ya baiskeli*. Mahali palipoandikwa *kazi* hapakuwepo, nikapapiga mstari kwa rula, nikaandika *fundi*. Alikuwa anafuata kalamu kwa macho.

Ikabaki sehemu ya juu kabisa, *Asiyejulikana*. Nikakata.

"Anaitwa nani, mama?"

Wiki saba nimemuuliza mkono, urefu, nguo. Hilo sikuwahi. Akanitajia, majina yote matatu, polepole ili nisikosee, na nikayaandika kwa herufi kubwa. Humu siyaandiki. Alisoma herufi moja moja, akatikisa kichwa kukubali, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Alikwenda taratibu mpaka getini. Sikumpungia mkono.